Breki za Maji ya Sabuni

Lori la Dena halina ufunguo. Malori ya jeshi huwashwa kwa swichi, na yeyote mwenye kidole aweza kuondoka nalo. Hilo halikuwahi kumkera hadi aliporudi kutoka Ganze, alikokwenda kumzika shangazi yake.

Jeshi lilipolichoka, lori hilo liliuzwa mnadani, na tangu hapo, enzi nywele zake zikiwa bado nyeusi, dereva wake amekuwa Dena. Vipuri havipo, basi hukata gasketi kwa mpira wa tyubu, na springi ikivunjika huifunga mwenyewe kwa minyororo. Kwa ubishi huo mawe ya kujengea yameteremka kutoka timbo la Kuruwitu miaka yote, na wapakizi wamekaa juu ya mawe, kama ilivyo desturi.

Asubuhi hiyo lori lilikuwa limeshapakiwa, watu wako juu. Dena akakanyaga breki. Pedali ikazama hadi chini. Akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kidole, akaonja. Sabuni ya kufulia!

Damu ilimchemka. Akamwita Kioko, fundi aliyeliendesha lori juma lile la msiba.

"Mafuta yaliisha, mzee," Kioko akasema. "Bwana Zein alisema kazi isisimame. Maji ya sabuni yanasukuma vilevile."

"Yanasukuma mpaka yapate moto. Kwenye mteremko ule yatachemka, na wewe utakanyaga hewa."

Zein, mwenye lori, alikuwa amefika kutoka Shella na gari lake dogo, kanzu imepigwa pasi.

"Shikamoo, Mzee Dena. Pole kwa msiba. Lakini wateja wa Kikambala wanangojea mawe yao. Safari hii moja tu, mafuta nitaleta kesho. Ikiwa wewe huwezi, Kioko ataendesha."

Kioko alishaingia, akabonyeza swichi, injini ikanguruma. Dena hakuwa na ufunguo wa kutia mfukoni. Alikuwa na hasira tu, hasira ya mtu aliyetunza kitu kwa jasho lake, kisha kikafanywa jeneza nyuma ya mgongo wake. Akasimama mbele ya lori.

"Bwana Zein, panda juu ukae na hawa. Mkifika chini salama, nitakuomba radhi mbele ya watu wote."

Zein akatazama mawe, akatazama mteremko.

"Nimevaa kanzu, mzee. Nitawafuata na gari langu."

Wapakizi walisikia. Mmoja akashuka, kisha wengine. Wa mwisho alikuwa Nelly, mpishi wa timboni. Alikwenda moja kwa moja hadi dirishani kwa Kioko.

"Juzi uliponipakia na mtoto mgongoni, ulikuwa unajua?"

Kioko alizima injini. Hakuthubutu kushuka.