Fundi Aliyetaka Kuwa Jirani

Dada alikuwa anaanua nguo simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa mama mwenye nyumba aliyopanga mdogo wake, na hata salamu hakumaliza. "Mama, kaa chini kwanza," alisema. Dada hakukaa. Alibaki amekumbatia shuka lenye unyevu huku akielezwa kwamba Fundi hakufungua mlango asubuhi, wakaita, wakavunja kitasa, wakamkuta kimya kitandani. Mungu alikuwa amemchukua usingizini.

Wengi walimjua kwa jina hilo tu, Fundi. Alishona suruali na sare za shule barazani kwa cherehani moja, na chumba chake kilikuwa nyuma ya baraza hiyohiyo. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto, na tangu mke huyo afariki alipika peke yake, akala peke yake, akasali peke yake. Siku za ibada alikaa benchi moja na dada yake. Ibada ikiisha alimsindikiza mpaka kwake, akanywa chai, kisha akatafuta mlango wa kupaka mafuta au kiti cha kugongea msumari, ilimradi achelewe kuondoka.

Ndipo kiwanja kilicho ubavuni mwa nyumba ya dada kilipotangazwa kuuzwa. Fundi alichangamka kama kijana anayeposa. Muuzaji alikuwa mzee wanayesali naye, basi akampa arubuni, ile sehemu ya kwanza ya bei inayoonyesha kwamba mnunuzi hana mchezo, wakaandikiana. Jioni hiyohiyo akaanza kushona mapazia ya nyumba isiyo na hata msingi. Dada alipomtania kwamba atayatundika kwenye majani, Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kosa lake lilitokana na kazi yake. Kwake yeye, arubuni ikishapokelewa mkasi unaingia kwenye kitambaa, mambo yamekwisha. Hakuuliza kiwanja kina wenyewe wangapi. Kumbe kilikuwa cha urithi, cha muuzaji na watoto wa marehemu kaka yake, na watoto hao wakakataa katakata kutia saini. Muuzaji akataka kumrudishia fedha. Fundi hakuzipokea, akaenda mahakamani kudai kiwanja.

Siku ya kesi dada alikaa nyuma yake. Hakimu, mama mmoja mtaratibu, aliuliza kwa nini hakuchunguza kwanza.

"Mheshimiwa, mtu akiniletea kitambaa, siulizi kama ni cha nduguye."

Watu wakacheka, hata karani. Hakimu naye akatabasamu. "Na huyo ndugu akija kukidai kabla hujakata?"

"Nitampa," Fundi akasema.

Hukumu ikatoka: arubuni irudi yote, kiwanja kibaki na wenyewe. Nje watu walimpa mkono wakimpongeza kwamba wengine hupoteza vyote viwili. Aliitikia kwa adabu. Njiani dada akamwambia ahamie kwake, chumba cha uani kipo tupu.

"Dada, kwako nitakuwa mgeni," alijibu. "Mimi nilitaka tuwe majirani. Nikikuudhi, niende nikafunge mlango wangu."

Hakuhama. Tangu hapo alikuja siku za ibada kama kawaida, ila chai aliimaliza upesi na kuaga. Dada alimwombea kila alipopiga magoti. Aliona shati linampwaya mabegani, naye ni fundi, hakulipunguza.

Walipokuwa wanapanga mazishi, muuzaji alimwita dada pembeni. Kwa sauti ya chini alisema ingefaa Fundi azikwe palepale kiwanjani, awe karibu na dada yake.

"Watoto wa kaka yako wamekubali?" dada akauliza.

Mzee akainamisha kichwa. Hakuwa amewauliza.

Fundi alizikwa katika makaburi ya mji, karibu na ukuta, mbali na mkewe, maana upande ule ulikuwa umejaa. Mchungaji aliomba, wakaimba wimbo mmoja. Dada aliweka udongo wa kwanza, muuzaji akafuata. Mvua ilianza kabla hawajamaliza, waliokuja wakaondoka haraka. Dada alibaki mpaka wachimbaji walipokusanya majembe yao. Akamwambia mdogo wake alale salama, akasali, akaenda nyumbani.