Kilichomnyima Barasa Usingizi

Mwanangu, ipo Jumapili moja ambayo hunijia hasa nikiwa peke yangu humu nyumbani, na siku hizi niko peke yangu mara nyingi. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu. Nilikuwa nasomea mambo ya ubongo chuoni, nimepanga chumba mtaani Waithaka pamoja na mdogo wangu Barasa. Mama yetu tulikuwa tumemzika Bungoma, na tangu hapo Barasa hakulala bila kuvuta bangi. Jumapili hiyo nilimkuta akivuta, nikamfokea.

"Sista, si wewe uliniambia ubongo unajitengenezea bangi yake?" akasema. "Basi mimi naongezea tu."

Nikaamua kumtafutia hoja. Kesho yake nikamwendea mwalimu wangu, mzee aliyefiwa na mkewe na kubaki pweke katika nyumba kubwa kule Kitisuru. Nikamsimulia ya Barasa, naye akanieleza kwamba seli ya ubongo ikipokea ujumbe kupita kiasi, hutengeneza kemikali inayofanya kazi kama ile ya bangi na kuirudisha kwa seli iliyotuma, ili ipunguze kutuma. Hutengenezwa pale pale inapohitajika, kisha huvunjwa upesi. Lakini bangi ya moshi haichagui mahali. Hunyamazisha hata seli ambazo zingefaa kuendelea kuzungumza, tena kwa saa nyingi.

Nikashukuru, nikainuka, tayari kwenda kumshinda Barasa kwa hoja. Mzee akanizuia.

"Hayo ni ya mtihani, binti yangu. Umemuuliza anatuliza nini?"

Sikuwa nimemuuliza.

Nilimkuta Barasa amekaa kitandani, viatu miguuni, na hana pa kwenda. Nikakaa kando yake, nikamuuliza.

"Mathe, kabla afariki, alikuwa ananipigia simu kila jioni. Saa hii hakuna mtu ananitafuta. Na wewe ukikuja, unasoma tu."

Tulilia, mwanangu. Kuacha bangi hakukuwa rahisi. Aliacha, akarudia, akaacha tena. Jioni nikawa naweka vitabu kando, tunapika ugali, tunamzungumzia mama. Usingizi ulimrudia polepole. Leo anafundisha Kitale, ana watu wake wa kumngoja mlangoni.

Basi nakuomba: usiuongezee ubongo kitu ambacho wenyewe hujipimia. Na ukimwona mwenzako amejificha ndani ya moshi, usianze kwa kumfundisha. Kaa naye, umuulize kinachomuuma, kisha umsikilize.

Mungu akujalie usingizi mwema, mwanangu, na mtu wa kukuuliza umeshindaje.