Maji ya Nyuzi Ishirini

Kila mwaka Kidato cha Tatu kinapofika kwenye mada ya joto, huwasimulia wanafunzi wangu kisa cha binti mmoja aliyekokotoa maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Wanacheka sana. Siwaambii kwamba binti huyo ni mimi, wala siwaambii ni nani aliyebeba lawama.

Nilikuwa nakaa Kilwa Masoko kwa dada yangu, nikisoma. Fizikia ilinikubali, na shemeji alikuwa akinisifu mbele ya wageni mpaka nainamisha kichwa, huku moyoni natamani aendelee. Dada alipojifungua, bibi yetu akaja kutoka Mitole kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto hadi arobaini itimie. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na ndiyo ilikuwa sifa yake. Alishaogesha watoto wa ukoo mzima na wa majirani, mimi nikiwemo. Akichanganya maji hasemi neno: anatia kiwiko, anaongeza kopo, anatia tena.

Kiwiko kile kilinikera. Nilikuwa nimetoka kufundishwa kwamba joto linalopotea kwenye maji ya moto ndilo linalopokewa na maji ya baridi, mpaka yote yawe sawa. Basi mchana mmoja, bibi akiwa ameshamvua mtoto nguo, nikamjia na daftari.

"Bibi, acha kubahatisha. Makopo mawili ya maji yanayochemka, saba ya baridi. Yatatoka nyuzi thelathini na nane, hayazidi."

"Mke mwenzangu," akacheka, "siku hizi daftari nalo lina kiwiko?"

"Daftari halikosei."

"Haya, msomi. Changanya."

Nikahesabu makopo kwa sauti. Alipoinama kupima kama kawaida yake, nikamshika mkono. Nilimwambia akipima ni kwamba haniamini. Akaniangalia, akatabasamu, akamtia mtoto kwenye beseni.

Kilio kile sijakisahau. Na hesabu yangu ilikuwa sahihi, hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Katika maswali yote ya kitabuni maji ya baridi yalikuwa nyuzi ishirini, nami sikujiuliza ni maji ya nchi gani. Yetu yalitoka kwenye pipa jeusi lililoshinda juani uani tangu asubuhi. Saa nane mchana yalikuwa vuguvugu tayari, na mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nayaoga kila siku nikitoka shule. Beseni lile lilikuwa karibu nyuzi hamsini.

Bibi alimtoa upesi, lakini miguu na makalio yalikwisha kuwa mekundu, na jioni yakatoka malengelenge. Hospitali walitoa dawa ya kupaka. Alipona, leo hana hata alama. Lakini jioni ile shemeji aliuliza maji yalikuwaje. Wakati wa kuogesha dada alikuwa amelala chumbani, hakuona kitu. Bibi akanitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa ananisubiri. Nikainamia daftari nikajifanya nasoma.

Mwishowe bibi akasema, "Mimi ndiye niliyemtia mtoto majini. Sikutia kiwiko."

"Umri umekwenda, bibi," shemeji akamjibu kwa upole. "Nenda ukapumzike."

Akarudishwa Mitole arobaini haijafika hata nusu. Mimi ndiye niliyembebea mfuko hadi stendi, na hata pale sikufungua mdomo. Habari zilimtangulia kijijini, na tangu hapo hakuna aliyemwita kumwogeshea mtoto. Nilijiambia nitasema nikimaliza mtihani, halafu nikimaliza chuo. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa msomi.

Sasa nimejifungua mwenyewe, hapa Lindi, na bibi amekuja. Siku ya kwanza nikamletea mtoto na beseni. Akarudisha mikono yake ndani ya kanga. Nikaangua kilio, nikasema yote.

"Bibi, kosa lilikuwa langu."

"Najua. Mimi si nilikuwepo?" Akanifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mimi huna la kuniambia, mjukuu wangu. Kamwambie shemeji yako aliyenirudisha Mitole. Ukishamwambia, mwanao nitamwogesha."

Mtoto ana siku tisa leo. Bibi ananipikia uji, anafua nepi, anambembeleza kitukuu chake mchana kutwa. Kuoga namwogesha mimi, kwa kiwiko, naye amekaa pembeni ananitazama vilevile alivyonitazama jioni ile. Shemeji bado sijampigia.