Kicheko cha Bi Mwanawema

Kwa miaka sita Bi Mwanawema wa Shumba Viamboni hakucheka mbele za watu, na watu wakakata shauri kuwa anajidai.

Kila msimu, wanawake walipokaa mkekani kwa wifi yake, Bi Mwanamize, kuchambua karafuu, kuzitenga na makonyo, vile vijiti vyake, yeye alichukua kigoda akakaa mlangoni. Mwanamize akianza vichekesho tu, Mwanawema hukumbuka nguo alizoacha kambani.

"Mke wa kaka yangu huyo," Mwanamize husema, "kicheko chake kakifungia kabatini."

Hakuna mkekani aliyejua kwamba tangu kumzaa Ashraf, mtoto wake wa tano, chafya moja ilitosha kumlowesha. Udhu haukukaa. Aliambiwa ndiyo uzazi, avumilie. Avumilie! Kana kwamba mwanamke akishazaa hana tena haki ya kukauka.

Daktari Suhaila wa hospitali ya mjini ndiye aliyemwambia vingine: "Haya ni maradhi, Bi Mwanawema, na yana tiba." Wakaanza na mazoezi ya misuli ya nyonga, nafuu ikawa ndogo. Ndipo akapasuliwa, akawekewa utepe mwembamba chini ya njia ya mkojo, uishikilie anapokohoa.

Baada ya wiki sita daktari akasema, "Kohoa." Akakohoa. Kukavu. Lakini kukohoa ni jambo moja, Mwanamize ni jambo jingine.

Karafuu zikaiva. Mwanamize akatandika mkeka mpya. Mwanawema akakipita kigoda, akakaa katikati.

"Haya! Leo bibi harusi katoka ndani?"

"Nimekuja kuchekeshwa, wifi. Kama huna jipya, sema."

Mwanamize akajifunga kibwebwe, akamwigiza kaka yake Talib, mume wa Mwanawema, akikimbizwa na jogoo wake mwenyewe, kanzu kaikunja hadi magotini: "Mwanawema, mwite huyu! Wewe anakusikia!"

Kwa mazoea Mwanawema akabana magoti. Kisha akayaachia. Kicheko kikamtoka chote, cha miaka sita, mpaka akalalia karafuu.

Alipotulia akainuka, akageuka kutazama alipokaa. Pakavu. Makonyo matatu tu, yamepondeka.

"Watafuta nini?" Mwanamize akauliza.

Akawaeleza yote, bila kunong'ona. Mikono ikasimama juu ya karafuu. Kisha Bi Hija, jirani mwenye watoto wanane, akauliza polepole, "Huyo daktari huwapo siku gani?"

"Jumatano. Twende sote, na wifi atatuchekesha garini."

"Wakati wa kurudi, mwanangu," akasema Bi Hija. "Si wa kwenda!"