Nyekundu Ilivyomtoka Mjomba

Mjomba aliyenilea tangu nikiwa binti mdogo, ndugu wa mama yangu, alikuwa fundi wa kupuliza rangi magari. Gari likigongwa, mnyoosha bodi alilirudishia umbo kwa nyundo, halafu lilikuja kwa mjomba likiwa na viraka vya puti, ule ujiuji mgumu wa kuziba mabonde, kila mahali. Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi mpya ilingane na ya zamani iliyokwisha kupauka kwa jua, hata mwenye gari asijue pale palipogongwa. Alikoroga kwenye kopo, akapaka kidogo kwenye kipande cha bati, kisha akatoka nacho nje.

"Rangi haikai kwenye kopo," aliniambia. "Inakaa kwenye mwanga. Taa ya gereji inakudanganya, ukitoka nje jua linakuumbua."

Alikuwa mtu wa maneno na vicheko. Mwenye gereji, mjomba alimpa kisirisiri jina la Praima, ile rangi ya kijivu inayotangulia chini, maana uso wa bosi huyo ulikuwa wa kijivu tangu asubuhi. Na watu wakibishana nani mweusi, nani mweupe, alicheka mpaka akashika mbavu. "Nionyesheni aliye mweusi kama tairi. Au mweupe kama friji. Sote ni kahawia. Huyu kazidishiwa kijiko, yule kapunguziwa, na damu inapita chini yake ikitutia wekundu. Basi."

Kisha akaanza kukohoa. Tulidhani ni vumbi la msasa na harufu ya tina ya kuyeyushia rangi, maana barakoa yake alikuwa akiitundika msumarini zaidi ya kuivaa. Alipotema damu, mkewe hakumwuliza tena. Alimshika mkono, tukaenda hospitali. Kifua kikuu. Nesi akampa vidonge, akamweleza jinsi ya kuvimeza, akamwinulia kidole: "Na ukiona macho yamebadilika, hata kidogo, uje siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe yako."

Mjomba akaitikia. Mkewe alikuwepo, akasikia. Mimi pia nilikuwepo.

Dawa zilimkubali. Kikohozi kikatulia, mwili ukarudi, naye akarudi gereji kabla hata hajapata nguvu sawasawa, kwa kuwa Praima alikwisha kuanza kuulizia fundi mwingine.

Siku moja alichungulia jikoni, mkewe akikata nyanya. "Mbona unapika nyanya mbichi?"

"Mbichi ziko wapi? Hizi zimeiva mpaka zinapasuka."

Akazitazama. Halafu akacheka. "Nilikuwa nakupima akili." Tukacheka wote, tulikwisha kumzoea kwa utani.

Baada ya hapo alianza mambo ambayo hatukuyaelewa. Alibadilisha taa za nyumba nzima. Alisugua vioo vya madirisha. Alilalamika kwamba wauza rangi siku hizi ni wezi, wanatia maji kwenye makopo. Kule gereji, mnyoosha bodi, rafiki yake wa miaka mingi, alidhani wamepata mchezo mpya.

"Hebu wewe na macho yako ya nyundo," mjomba alikuwa akimwambia, "hii ungeiita rangi gani?"

"Kijani iliyoiva."

"Umepatia! Utaniibia kazi wewe."

Hivyo alikuwa akiishi kwa macho ya mwenzake, naye mwenzake hajui.

Likaja gari la mjane mmoja. Marehemu mumewe alilipenda, na yeye hakutaka kuliuza. Lilikuwa na nyekundu ile iliyokolea, damu ya mzee, na ubavu mmoja ulikuwa umekwaruzwa na ukuta. Mnyoosha bodi siku hiyo hakuwepo, alikuwa amekwenda msibani. Mjomba akachanganya peke yake, akatoka nje na kipande chake cha bati, akakisogeza kwenye mlango, akaridhika. Akapuliza.

Mjane alipofika aliinama kuutazama ule ubavu. Mlango ulikuwa na rangi ya tope, kahawia iliyoingia ukijani, kama jani lililooza.

"Fundi," akasema taratibu, "mimi nimekukosea nini?"

Mjomba aliutazama mlango, akamtazama yule mama, akarudi kwenye mlango. "Si imelingana?" aliuliza. Mnyoosha bodi ndiye aliyenisimulia baadaye, naye alisimuliwa na waliokuwepo: hapakuwa na aliyecheka. Sauti ya mjomba ilikuwa ya mtu anayeomba.

Jioni, habari zikiwa zimemfikia, mkewe aliweka mbele yake kanga yake nyekundu na majani ya mchicha. "Nionyeshe nyekundu ni ipi."

Hakuonyesha. "Nilijua nikisema watanisimamisha kazi," alisema. "Nikasema dozi iishe kwanza. Labda itarudi yenyewe."

"Nesi alikwambia nini, baba watoto? Alikwambia nini?"

Hospitali nesi alikasirika mpaka machozi yakamlenga. Daktari wa macho alimfungulia mjomba kitabu cha madoadoa ya rangi. Mimi niliziona namba zilizojificha katikati ya madoa. Mjomba aliona madoa matupu, ukurasa baada ya ukurasa. Daktari akaeleza kwamba nyuma ya jicho kuna chembe zinazopokea rangi, na mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo. Kidonge kimojawapo huweza kuudhuru mshipa huo, na mara nyingi nyekundu na kijani ndizo huanza kupotea. Kibaya zaidi, figo za mjomba zilikuwa dhaifu, zikashindwa kuitoa dawa mwilini. Kila siku aliyonyamaza ilizidi kulimbikizana.

"Ungekuja mapema," daktari alisema, akakifunga kitabu chake.

Walikiondoa kidonge kile, wakamwekea kingine. Kifua kilipona kabisa. Macho yaliendelea kufifia kwa muda, halafu yakasimama. Aliona umbo la mtu mlangoni, aliona mchana na kivuli. Rangi hazikurudi.

Mnyoosha bodi alimwombea mjomba kwa Praima, naye akapewa kazi ya kupiga msasa, kwa kuwa puti mtu anaweza kuisoma kwa kiganja. Anakwenda kila asubuhi, mkewe akimsindikiza hadi langoni. Vicheko vimekwisha. Anapapasa ubavu wa gari, anasugua, anapapasa tena, na vumbi linamrudia kwenye kifua kile kile. Akimaliza, anasogea kando, na fundi mpya anawasha kompresa ya kupulizia rangi.

Mwanzoni alikuwa akiniuliza gari la leo limetoka rangi gani. Nilimjibu kadiri nilivyoweza. Siku moja nikasema "buluu", akaniuliza, "Buluu ipi?" Nikatafuta neno, nikalikosa. Akanipapasa bega, akasema, "Basi, mama, usijali." Tangu siku ile hajauliza tena.