Buluu ya Kanzu za Idi

Miaka michache kabla ya uhuru, wazazi wetu walipokwisha kufariki, niliacha shule nikaingia kiwanda kidogo cha kutia nguo rangi, Changamwe, upande wa Magongo. Wadogo zangu watatu walishinda kwa jirani yetu mjane, aliyekuwa akifua kanzu za watu. Aliwalisha, wala hakuwahi kunisimanga.

Kazi yangu ilikuwa pipa. Maji machafu ya rangi yalipita ndani yake, katikati ya punje za plastiki ndogo kama mtama, za rangi ya asali. Punje zilinasa rangi, maji yakatoka meupe na kuingia birika la saruji nyuma ya kiwanda, ambako majirani waliruhusiwa kuteka ya kufulia. Punje zikishiba hazinasi tena. Ilinibidi nizioshe kwa maji ya moto yenye chumvi, tena na tena, hadi ziteme rangi yote na kurudia asali yake, ndipo zitumike upya.

Siku tatu kabla ya Idi nilitaka kuwahi kwa fundi cherehani, ili wadogo zangu wakajaribu nguo zao. Punje niliziosha mara moja tu. Nilipofunga kifuniko zilikuwa bado za buluu. Niliziona, nikaondoka.

Alfajiri msimamizi akafungulia maji ya rangi. Jirani yetu akateka birikani kabla sijafika kazini. Kwetu kanzu nyeupe husuuzwa mwisho kwa maji yenye buluu kidogo ya kufulia, ipate kung'aa. Naye akatia yake kama kawaida, juu ya ile iliyokwisha kupenya pipani.

Jioni nilikuta kanzu zote kambani zimekolea buluu, na mwenye moja amesimama mlangoni.

"Mama, hii ni kanzu ya Idi au ovaroli ya bandarini?"

"Niwie radhi, baba. Nimezidisha buluu. Macho yangu yameanza kuniacha, wallahi."

"Basi nitatafuta mwenye macho."

Nilikuwa nimesimama uani, nikisikia kila neno. Nikafikiria kazi yangu, nikafikiria chakula cha wadogo zangu, ambacho siku hiyo pia walikuwa wamekula kwake. Nikanyamaza. Kesho yake niliziosha punje mpaka mikono ikachubuka.

Watu wakaanza kupeleka kanzu kwingine. Siku moja akaniita.

"Mwanangu, njoo unitilie buluu wewe. Siyaamini tena macho yangu."

"Macho yako mazima, mama."

"Wajuaje?"

Nikachovya kifundo cha kitambaa chenye buluu, nikakoroga.

"Imetosha?" akauliza.

"Imetosha."

"Mungu akulipe," akasema, huku akipitisha uzi kwenye tundu la sindano, ukaingia mara ya kwanza tu.

Nilimtilia buluu kila wiki hadi alipofariki. Hakuwahi kuihitaji mikono yangu.