Bastola ya Bwana Yangu Iko kwa Jina Langu

Admin, ficha jina langu na la mtaa wetu. Nina miaka arobaini na moja, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisangani, mama wa watoto watatu, na nimeolewa miaka kumi na saba. Ninaandika nikiwa na hasira. Wale waliozoea kuwajibu wanawake "vumilia mama, omba Mungu", leo wapite tu. Nilishavumilia na nilishaomba.

Bwana yangu ananunua kakao upande wa Bengamisa. Barabara ile ya majambazi tunaijua wote, kwa hiyo miaka sita iliyopita aliomba bastola, akapewa kwa sheria, na permis, kibali cha silaha, yenye picha yake. Mwanzoni aliifungia kwenye sanduku. Kisha ikahamia kiunoni, mwishowe ikawa inakaa mezani tunapokula. Jumapili moja mchana nilimuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ni nani anayempigia simu kila saa. Aliichukua bastola akanielekezea kifuani, binti yetu mkubwa akiwa amesimama pale na sufuria ya mboga ya pondu. Halafu akacheka, akasema ilikuwa mchezo. Mimi na mtoto hatukucheka.

Mwaka huu aligombana na mkulima mmoja juu ya mizani, akamtolea bastola mbele ya watu. Mkulima akapeleka mashtaka. Permis ilikuwa inakaribia kuisha, na bwana yangu alijua kwamba mashtaka yakifika ofisi ya vibali vya silaha hapa mjini, hawatamwandikia nyingine. Donc, basi, akaniletea karatasi. Alitaka silaha ihamishwe kisheria kwa jina langu, haraka. Mke mwalimu, hana kesi yoyote, nani atamkatalia? Nilimwambia sijui hata kuishika.

"Hauna lazima ya kuishika," akasema. "Jina itakuwa yako, mukono itakuwa yangu. Unasaini, basi."

Nilikataa wiki mbili. Akaacha kunisemesha. Akawakataza watoto kula nilichopika. Akampigia mama yake aliyeko Kindu, na mama mkwe akanieleza kwa simu kwamba ninataka mwanawe auawe njiani ili nibaki na nyumba. Bon, nikachoka. Nikaandika barua, nikatafuta cheti cha mwenendo mwema, nikaenda kwa daktari, nikapiga picha.

Siku ya mahojiano tulienda wote wawili. Mkuu wa ofisi, papa mmoja mzee asiye na haraka, alimwomba bwana yangu angoje nje, kwa sababu anayeomba permis anajibu peke yake. Akanieleza kwamba silaha haiandikwi kwa jina la nyumba wala la ndoa, inaandikwa kwa jina la mtu.

"Mama, ukisaini hapa, hii kitu iko yako peke yako," akaniambia. "Bwana akiibeba, iko kosa. Risasi ikitoka, ni weye nitaita. Umesikia muzuri?"

Nilimuuliza kama mwenye jina anaweza kuirudisha pale ofisini iwekwe. Akasema ndiyo, na nitapewa karatasi ya kuonyesha nimeiweka. Sikumweleza habari za ile Jumapili. Labda nilikosea, lakini bwana yangu alikuwa nyuma ya mlango. Nikasaini.

Permis yenye picha yangu ilitoka, na yeye akaendelea kuibeba kiunoni kama kawaida. Nilimkumbusha mara mbili maneno ya yule mzee. Mara ya pili aliniuliza kama nimekuwa polisi. Asubuhi iliyofuata, alipoingia kuoga, nikaichukua, nikaifunga kwenye kitenge, nikapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, hadi ofisini. Wakaipokea, wakaniandikia karatasi. Nikarudi nyumbani nikamwambia mwenyewe, uso kwa uso.

Nilidhani atanipiga. Badala yake akasema, "Umenivua suruali mbele ya watu yote ya mugini." Kabla ya jua kuzama nguo zangu zilikuwa nje ya uzio wa parcelle yetu. Sasa niko Mangobo, mtaa mwingine wa hapa mjini, kwa mdogo wangu. Watoto walibaki kwake.

Wiki tatu baadaye majambazi walimzuia njiani akitoka Bengamisa. Walichukua pikipiki, wakamkata mkono kwa panga. Yuko hai, lakini vidole viwili havikunji tena. Nilipokwenda kumwona hospitalini, dada yake mkubwa alinishika kwenye mlango wa chumba. "Kuja uone kazi yako," akasema, na wagonjwa wote wakageuza vichwa. Nitawaambia ukweli kwa kuwa hamnijui: nilipoona bandeji ile sikusikia huruma. Huruma ilikuja kesho yake, na mpaka leo haijaondoka.

Familia yake imekaa kikao bila mimi. Mkulima ameondoa mashtaka yake, sijui walimwambia nini. Wanataka niirudishe bastola kwa jina la bwana yangu, ndipo nitarudi nyumbani. Nikikataa, ataoa yule mwanamke wa simu za kila saa, na watoto nitawaona kwenye geti la shule tu. Wadogo wananililia kwenye simu. Mkubwa hakulia. Alinifuata shuleni saa ya mapumziko, akasema, "Mama, kama ile kitu inarudi kwa nyumba, miye natoka." Ana miaka kumi na tano. Atoke aende wapi?

Nikisaini, siku moja anaweza kuniua mimi. Nisiposaini, barabarani wanaweza kumuua yeye, na watoto wangu watakua wakiambiwa kwamba mimi ndiye niliyemuua baba yao. Ijumaa asubuhi shemeji zangu wananingoja mbele ya ile ofisi. Ninyi mnaosoma, hasa wamama mliowahi kuelekezewa silaha na mtu mnayelala naye, niambieni kabla ya Ijumaa: nisaini au nisisaini?